Nilimbatiza kwa Kikombe cha Bati

SEHEMU YA SITA

Wiki iliyopita mliniacha kwenye korido ya mahakama, miwani mkononi, mdomo wazi, wakili wa mkwe wangu akipunga bahasha hewani kama mtu anayefukuza nzi. Mdomo nimeshaufunga. Tuendelee.

Kwa wewe uliyechelewa: mwanangu ni fundi umeme, mtaa mzima unamwita Waya. Ametengana na mkewe. Wana mtoto mmoja, Kidoti, wa miaka saba.

Mkwe wangu ni muuguzi. Kidoti alipokuwa bado ananyonya, mama yake alihamia kwenye kusanyiko la watu tunaowaita Wasubirio. Hao hawabatizi watoto. Wanasema mtoto asubiri akue, achague mwenyewe. Sisi kanisani kwetu tunambatiza mtoto mapema, kabla hajajua kukataa.

Kesi ilipofika mahakama ya familia, hakimu aliweka zuio: Kidoti aishi kwa mama yake, kila Jumamosi aje kwangu akae na baba yake, na mtu yeyote asimbatize wala kumwingiza katika imani yoyote mpaka hukumu itoke.

Na ile bahasha? Ndani yake kulikuwa na cheti cha ubatizo cha Kidoti. Tarehe yake ni wiki moja baada ya zuio.

Hakimu alimtazama Waya juu ya miwani. "Una mpaka Alhamisi unieleze. Ukishindwa, Jumamosi zako nazifuta."

Waya akaapa kwamba hajui chochote. Nilimkagua uso. Huyu namjua tangu alipoanza kudanganya akiwa na meno mawili tu. Sikuona uongo. Au macho yangu ndiyo yameshachoka, sijui.

Mimi nilikaa kwenye benchi nikivuta uzi uliochomoza kwenye pindo la gauni langu.

Maana aliyembatiza Kidoti ni mimi.

Msinitukane bado. Nisikilizeni kwanza, matusi mtayapanga vizuri baadaye.

Ilikuwa miezi mitano kabla ya zuio, Waya na mkewe wakiwa bado nyumba moja. Mchana. Kidoti alishikwa na homa ya ghafla, mwili ukakakamaa, macho yakageuka meupe. Degedege. Waya alikuwa juu ya nguzo upande wa pili wa mji, alirudi jioni. Hata mahakamani aliapa hivyo.

Tulikuwa jikoni, mimi na mkwe wangu. Jiko lenyewe giza, umeme umekatika tangu asubuhi, nyumba yetu peke yake, majirani wote wanawaka. Nyumba ya fundi umeme! Mkwe wangu alimlaza mtoto ubavu, akamfuta kwa kitambaa chenye maji, akatoka mlangoni kupiga simu ya teksi.

Nikabaki na mtoto. Hapumui vizuri. Kanisani kwetu, mtoto akiwa anakata roho, mtu yeyote anaruhusiwa kumbatiza. Hata fundi cherehani kama mimi. Nikachota maji kwa kikombe cha bati, nikammwagia kichwani mara tatu, nikasema maneno yanayosemwa.

Nilipotamka amina, taa ikawaka. Friji likaanza kunguruma. Kidoti akafumbua macho, akaniangalia, akasema, "Bibi, unanilowesha."

Nilipiga magoti palepale. Nani asingepiga?

Nikafunga mdomo miezi mitano. Kisha hakimu akaweka zuio lake, na mimi nikaingiwa na hofu ya kijinga: je, akija kuamua kwamba mtoto huyu ni wa Wasubirio, maji yangu yatakuwa yamekwenda wapi? Nikakimbilia kwa katekista, tunamwita Mwalimu, nikamnong'oneza, nikamwomba aniandikie kwenye kitabu cha kanisa. Nilitaka iwe kwenye kitabu kabla mahakama haijafika mwisho. Ujanja wangu huo.

Mwalimu ni mtu mwema, ila ana ugonjwa mmoja. Jambo lolote analiandikia tarehe ya siku aliyoshika kalamu. Kuna mzee pale kanisani, kwa mujibu wa kitabu, alizaliwa Jumatatu iliyopita.

Basi ndivyo maji ya miezi mitano nyuma yalivyogeuka kuwa kosa la wiki iliyofuata zuio.

Lakini cheti nani alikitoa? Mimi sikuomba cheti. Jumanne nikachukua joho la Mwalimu nililokuwa namshonea, nikaenda kumpima.

Nyie mnaoshonewa nguo mnajua: fundi akishakuwekea pini, wewe ni mfungwa. Nikamsimamisha katikati ya ofisi, mikono juu, nikambana kwapani kwa pini kumi na mbili.

"Mama, hii imebana."

"Usipumue sana, Mwalimu. Hivi, yule mjukuu wangu, cheti chake nani alikuja kukichukua?"

"Cheti gani?"

Nikasogeza pini moja.

"Aa! Mama! Mambo ya ofisi hayo, ni siri."

"Na mimi ni ofisi. Simama wima. Ukiyumba itaingia mbavuni, halafu utasema fundi mbaya."

"Alikuja mzazi. Mzazi ana haki ya kupewa cheti cha mwanawe."

"Mzazi yupi?"

Akatazama dari. Nikachukua pini ya kumi na tatu, nikaishika kwa meno, nikamtabasamia.

"Mama yake!" akasema. "Mama yake mtoto! Alikuja akauliza, mtoto wangu ameandikwa humu? Nikafungua kitabu, nikamwandikia cheti. Sasa nitoe hizi pini, nina ibada."

Nilimtoa pini moja moja, polepole. Mkwe wangu! Mtu hawezi kwenda kuuliza kama mwanawe ameandikwa kwenye kitabu cha kanisa asilolitaka, ila kama anajua kuna la kuandikwa. Na siku ile tulikuwa wawili tu jikoni.

Kwa hiyo aliniona. Akanyamaza miezi mitano, akasubiri siku ya kumnyonga mwanangu. Mnaona jina la Wasubirio lilivyowakaa?

Kesho yake nikamfuata zahanati. Alikuwa chumba cha chanjo, watoto wanalia kwenye foleni, yeye anavuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Malizana na huyo, nitakuwa mteja wako wa mwisho."

"Mama, umeshapita umri wa chanjo."

"Umri wa kuchomwa sijapita. Umenichoma mgongoni na sikulia."

Akamaliza, akafunga mlango. Nikamwambia niliyoyasikia kwa Mwalimu. Hakukana. Alinawa mikono yake, taratibu, kila kidole.

"Nilikuona," akasema. "Kwenye kioo cha kabati la vyombo. Nilikuwa mlangoni na simu sikioni."

"Mbona hukunizuia?"

Akafunga bomba la maji. "Dereva alikuwa ananiambia yuko mbali. Mtoto alikuwa anakuwa wa bluu. Mama, mimi ni muuguzi, najua bluu ile maana yake nini. Ningezuia nini?"

"Sasa leo unamtundika mume wako kwa kosa langu."

"Sikumtundika. Nilienda kwa katekista nijue kama umelipeleka jambo lile kanisani. Cheti nilikiweka kwenye begi langu. Wiki iliyofuata sikukiona tena. Nikakikuta kwa wakili wangu."

"Kikatembea chenyewe."

"Mama, sijui! Nilimwambia wakili akiache. Akaniuliza, kwa nini nikiache, tarehe si hii? Nimjibu nini? Nimwambie niliona, nikanyamaza? Wazee wa kusanyiko wanakaa benchi la nyuma kila tunapokwenda. Wakilisikia hilo, nimekwisha."

Machozi yakamtoka. Machozi ya kweli na ya kutengeneza yana chumvi ileile, siwezi kuapa.

"Wewe na hao wazee wako," nikasema. "Mtoto achague mwenyewe, achague mwenyewe! Hizo sindano unazowachoma hapa, umemuuliza nani? Yule aliyekuwa anapiga mateke alichagua?"

"Chanjo mzazi anasaini, mama. Wewe ulisaini wapi?"

Nilitazama bango la ukutani la mtoto mnene anayecheka, nikaona hata yeye ananicheka mimi.

"Alhamisi nitasimama," nikamwambia. "Nitasema ni mimi."

"Na mimi utanisema?"

Nikafungua mlango bila kumjibu. Nilitaka alale na swali hilo, kama mimi nilivyolala na maswali ya bahasha yake.

Alhamisi. Chumba cha mahakama ni kidogo, madirisha mawili, feni moja inayopiga kelele kuliko upepo wake. Hakimu ni mama wa makamo asiyependa hadithi ndefu. Wazee watatu wa Wasubirio wako benchi la nyuma, mikono juu ya magoti, kama wanapigwa picha.

Waya alipoitwa kujieleza, nikasimama mimi.

"Mheshimiwa, mwache. Mtu wenu ni mimi."

Wakili wa mkwe wangu akaruka. Hakimu akamkalisha kwa kidole kimoja, nikapelekwa kizimbani, nikaapa, nikasema yote: degedege, kikombe cha bati, miezi mitano kabla. Isipokuwa moja tu. Kioo cha kabati sikukitaja. Ulimi ulifika pale, nikamwona mkwe wangu ameshika ukingo wa benchi, ukarudi wenyewe.

Mwalimu akaitwa na kitabu chake. Hakimu akakifunua.

"Huyu hapa amezaliwa mwezi huu na ameoa mwezi huu?"

"Mheshimiwa, ni… niliandika siku niliyopata habari."

"Habari za kuzaliwa kwake ulizipata akiwa na mke?"

Hata karani alicheka. Kisha akaitwa ofisa wa ustawi wa jamii, ambaye sisi tunamwita Mama Faili kwa sababu hajawahi kuonekana bila faili kwapani. Huyo nilimshuku tangu mwanzo. Mtu anayekuja kwako, anakunywa chai yako, anaandika idadi ya vitanda vyako!

"Cheti ulichompa wakili ulikipata wapi?" hakimu akamuuliza.

"Kwa mtoto mwenyewe, mheshimiwa. Nilipomtembelea kwa mama yake nilimwomba anionyeshe cheti chake cha shule. Akakimbia ndani, akaniletea hicho. Alikitoa kwenye begi la mama yake. Alikuwa na furaha sana. Aliniambia, nimeshika namba moja."

Nilijishika mdomo. Siku zote hizi nimewashuku watu wazima, kumbe bahasha ilibebwa na mtoto aliyeona jina lake kwenye karatasi yenye mhuri.

Hakimu aliandika muda mrefu. Feni ikapiga kelele zake.

"Zuio la mahakama halikuvunjwa," akasema mwishowe. "Baba hana kosa katika hili." Waya akashusha pumzi. Nikaanza kutabasamu. "Bibi, usitabasamu. Kila mtu ana uhuru wa kuabudu. Wazazi wana haki ya kumlea mtoto wao katika imani yao, na hapa nina wazazi wawili, haki sawa, imani mbili, mtoto mmoja. Hilo peke yake linanitosha kuumwa kichwa. Sasa umekuja wewe na kikombe. Sijaona sheria inayompa bibi kikombe."

"Mheshimiwa, mtoto alikuwa anakufa."

"Nimekusikia. Na kama angekuwa wangu pengine ningekushukuru. Lakini baada ya kupona ulikuwa na miezi mitano ya kuwaambia wazazi. Ulimwambia yupi?"

Nikainua macho kwenye feni.

"Kuna mzazi aliyejua siku ile? Aliyekubali, hata kwa ishara? Kama yupo, hili ni jambo la familia, nalifunga hapa. Kama hayupo, siwezi kumpeleka mtoto kila Jumamosi kwa mtu anayemfanyia jambo zito kama hili kwa siri."

Waya akasema alikuwa kazini, juu ya nguzo.

Hakimu akamgeukia mkwe wangu. "Na wewe, mama? Ulijua?"

Wasubirio hawashiki kitabu wakiapa. Huinua mkono mtupu na kusema nathibitisha. Mkwe wangu aliinua mkono. Akanitazama mimi. Akawatazama wazee watatu wa benchi la nyuma, nao wakamtazama yeye.

"Sikujua," akasema. "Nilikuwa nje, napiga simu. Nilisikia tetesi baadaye, nikaenda kwa katekista kuhakikisha."

Nilisikia kitu kinakatika kifuani, kama uzi wa cherehani. Mimi nimemficha, yeye ananizika. Nilitaka kusimama nipige kelele za kioo cha kabati. Nani angeniamini? Bibi aliyekiri uongo wa miezi mitano anamsingizia mkwe!

"Basi kuanzia leo mtoto asikanyage nyumba ya bibi huyu mpaka nitoe hukumu," hakimu akasema. "Saa nane nitamsikia mtoto mwenyewe, ofisini kwangu, bila wazazi wala mawakili."

Tukatoka nje. Korido ileile. Waya amesimama karibu na pipa la maji ya kunywa, mkwe wangu mwisho kabisa kwenye dirisha, wazee wake wamemzunguka wakimpongeza kwa sauti ya chini. Mimi nikakaa peke yangu kwenye benchi, nikaanza kuhesabu Jumamosi ambazo sitakuwa nazo, nikaacha.

Mama Faili akaja na Kidoti, ametolewa shule, sare imekunjamana, kifungo kimoja hakipo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Kifungo umekila?"

"Kimeanguka. Utanishonea Jumamosi."

Nikakazana kutafuta sindano kwenye mkoba ili nisimtazame. Mama Faili akaenda kuulizia zamu kwa karani. Kidoti akapanda benchi, akaniwekea mdomo sikioni.

"Bibi, hakimu akiniuliza siku ile ya maji nimwambie?"

"Wewe unakumbuka nini? Ulikuwa umezimia."

"Nilizimia, halafu nikaona kidogo. Ulikuwa umempa mama mgongo. Mama alikuwa anatuangalia kwenye kioo cha kabati."

"Hilo najua."

"Akaitikia kwa kichwa. Hivi." Akainamisha kichwa chake kidogo, mara mbili, polepole, kama mtu mzima anayesema sawa, endelea. "Jana mama alinisukia nywele, akaniambia nikiulizwa niseme sikumbuki. Lakini wewe ulisema nikidanganya ulimi utaota majani."

Sindano ilinitoka mkononi.

Aliitikia! Kuniona na kunyamaza ni jambo moja. Huyu aliitikia. Alikubali kwa kichwa chake mwenyewe, na leo ameinua mkono mtupu mbele ya hakimu.

Sitawadanganya, nilisikia utamu. Mtoto akisema hilo ndani ya ofisi ile, Jumamosi zangu zinarudi. Na mkwe wangu anatoka humo mwongo, mbele ya hakimu na mbele ya wazee wake, na pengine Kidoti anahamia kwa baba yake moja kwa moja. Kila nilichokiomba tangu sehemu ya kwanza, kimeletwa sikioni kwangu na mtoto asiye na kifungo.

Nikatazama mwisho wa korido. Mkwe wangu alikuwa ametugeukia. Alijua. Mama hujua mwanawe ananong'ona nini hata akiwa mbali. Hakuja. Alisimama tu, mkono mdomoni, ananiangalia mimi kama alivyomwangalia mtoto siku ile alipokuwa wa bluu.

Utamu ukageuka. Kidoti atakuwa na miaka thelathini, na bado atakuwa yeye ndiye aliyemsaliti mama yake kwa mdomo wake mwenyewe.

"Bibi? Nimwambie?"

Nikafungua mdomo.

"Mama, usimjibu."

Waya alikuwa amesimama mbele yetu. Bilauri ya maji mkononi.

"Wewe hujui hata tunaongea nini," nikamwambia.

"Najua."

"Utajuaje? Siku ile ulikuwa juu ya nguzo upande wa pili wa mji. Umeapa humo ndani, na leo umerudia."

Akaangalia viatu vyake. Vilevile alivyokuwa akiviangalia utotoni, sukari ikiwa imepungua kabatini na midomo yake inameremeta.

"Mama," akasema, sauti chini, "swichi kubwa ya nyumba ile iko ukutani, nje ya dirisha la jikoni. Anayeishika anaona kila kitu ndani. Wewe ulipotamka amina umeme ukarudi. Ulidhani nani aliuwasha?"

Mwisho wa korido, mkwe wangu alianza kuja kwetu, kwanza akitembea, kisha akikimbia.

Mlango wa ofisi ukafunguliwa. Karani akatoa kichwa, akatutazama wote wanne, mmoja mmoja.

"Haya," akasema. "Anaingia nani?"